Hesabu mikono kabla ya kuulizia kamera

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4. Mama anayefanya kazi siku sita kwa juma huzimaliza siku hizo katika wiki kumi tu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Pengo hilo ndilo linalowaletea wateja wenye vituo vya kulelea watoto mchana jijini Kampala. Ukitaka kuliona vizuri, nenda Makindye. Kuanzia Kibuye na Nsambya hadi Kansanga, Bunga na Ggaba, wazazi hutoka mapema kuikwepa foleni ya barabara ya Ggaba au ya Entebbe, na bibi ambaye zamani angebaki na mjukuu mara nyingi yuko kijijini. Kituo lazima kipatikane. Ninachokihofia ni jinsi tunavyokichagua: tunatazama rangi za ukuta, bembea na kamera, tunasahau kuuliza mlezi mmoja ana watoto wangapi.

Hamu ya kamera ina sababu yake. Novemba 2014, video ya dada wa kazi akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo jijini Kampala ilienea duniani kote. Baba alikuwa ametega kamera nyumbani baada ya kuona majeraha mwilini mwa mwanawe, na mwezi uliofuata mahakama ikampa yule dada kifungo cha miaka minne. Hakuna mzazi aliyeitazama video ile akalala vizuri, na simlaumu anayechagua kituo kwa sababu anaweza kukichungulia kwenye simu akiwa kazini. Hata hivyo, kamera ile ilitoa ushahidi wa maumivu ambayo mtoto alikwisha kuyapata. Na madhara mengi ya vituoni hayana sura ya ukatili hata kidogo. Mtoto anayelia robo saa bila kubebwa, au aliyelowa nepi tangu asubuhi, hatamshtua mtu anayetupia jicho skrini kati ya kikao na kikao.

Tupige hesabu. Tuseme mtoto wa miezi minne anakula mara tatu kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, na kila mlo, pamoja na kumbeulisha, unachukua dakika ishirini. Mlezi mwenye watoto watatu atatumia saa tatu kuwalisha. Mwenye wanane atatumia saa nane, kabla hajabadilisha nepi hata moja. Kwa kuwa saa mbili zinazobaki hazitoshi kwa mengine yote, atafanya ambalo mtu yeyote aliyelemewa angelifanya: ataegemeza chupa kwenye mto mdomoni mwa mtoto amgeukie mwingine. Mtoto anayelishwa hivyo anaweza kupaliwa, na maziwa yanaweza kumletea maambukizi ya masikio. Huyo si mlezi mbaya. Ni mlezi aliyepewa kazi isiyowezekana. Ndiyo maana kanuni za Uingereza zinataka mlezi mmoja asizidishe watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1991 na kufuatilia watoto zaidi ya 1,300 ulionyesha jambo lilelile: walezi wenye watoto wachache huwasemesha zaidi na huitikia upesi wanapolia, na watoto wanaolelewa vizuri hivyo hutangulia katika lugha.

Najua jibu nitakalopewa. Mlezi mmoja kwa watoto watatu ni anasa ya nchi tajiri, na mwenye kituo kule Namuwongo au Katwe akijaribu hivyo atafunga milango. Ni kweli, na sidai kipimo cha Uingereza kihamishiwe Makindye kesho. Lakini kati ya watatu na kumi na wawili kuna nafasi kubwa, na mara nyingi fedha zipo ila zimekwenda kwenye basi lenye katuni au skrini ya ukutani. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza ada hiyo inamlipa nani. Amuulize pia mlezi mwenyewe, pembeni, yuko hapo tangu lini. Mshahara ukiwa mdogo mno walezi hubadilika kila mara, na mtoto anaanza upya kuzoea mikono ya mgeni. Maswali haya hayana gharama, hata kwa mzazi anayekiweza kituo cha bei ya chini kabisa mtaani kwake. Afike saa sita mchana bila kutoa taarifa, maana asubuhi kila kituo ni kisafi. Atazame kama watoto wachanga wamelazwa chali: Marekani ilianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa karibu nusu ndani ya muongo mmoja. Aulize maziwa yaliyokamuliwa yanawekwa wapi umeme ukikatika, kwa sababu nje ya friji hayapaswi kuzidi saa nne.

Wapo watakaosema mama akae nyumbani mambo yaishe. Lakini huko Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa uwezekano wao wa kuwa na kazi uliuzidi ule wa wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Familia nyingi hula kutokana na mshahara wa mama. Wengine husifu kituo kinachomfundisha mtoto wa miaka miwili kuandika herufi, ili aje apite usaili wa nasari. Mtoto wa umri huo hujifunza maneno kwa mtu anayemjibu, na daftari halimjibu.

Lililobaki ni la Mamlaka ya Jiji la Kampala. Leseni ya kituo itaje idadi ya juu ya watoto kwa kila mlezi, kwa kila umri, na karatasi hiyo ibandikwe getini ambapo hata dereva wa bodaboda anayesubiri ataisoma. Kwa sasa mzazi anauliza peke yake, na ni rahisi kumwambia ampeleke mwanawe kwingine. Lakini wazazi wa kituo kimoja hukutana pale getini kila jioni, na karibu wote wana namba za simu za wenzao. Waulize pamoja, kwa maandishi, kabla ya kulipa ada ya muhula ujao: chumba cha wachanga kina watoto wangapi, na walezi wangapi?