Ng'ombe wa Askari: Bima au Akiba?



Hakuna askari aliyewahi kutumikia mbali na kwao asiyeijua simu ya usiku. Mchana jamaa hupiga kwa salamu. Usiku hupiga kwa shida. Mimi simu yangu niliipokea Mogadishu mwaka 2018, nikiwa katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, AMISOM. Alikuwa mama yangu mzazi. Aliniuliza kama nimekula, akaniuliza kama huko kumetulia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, ng'ombe wako tangu asubuhi hali majani, na chini ya masikio amevimba.”

Aliyekulia katika mifugo amekwisha kutambua. Hiyo ni ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe wa masikioni, ambao huweza kumwangusha ng'ombe chotara katika muda wa siku chache. Dawa yake ipo, nayo huponya ikiwahi. Ikichelewa mpaka mnyama akapumua kwa shida na kutoka povu puani, mara nyingi huwa ni kazi bure.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kabla ya kusafiri nilikuwa nimemkatia ng'ombe yule bima. Nilitia sahihi, nikalipa, ng'ombe akavishwa hereni yenye namba, nami nikaondoka kifua mbele. Sikumwachia mama hata shilingi moja ya daktari wa mifugo, kwa kuwa nilidhani kwamba mwenye bima hana haja ya akiba. Mama alipopeleka habari kwa wenye bima, alijibiwa kwa adabu kwamba wao hulipa ng'ombe akifa, hawalipi matibabu. Fedha yangu ilifika siku ya tatu. Daktari alikuja, akachoma sindano, akatikisa kichwa. Ng'ombe alikufa usiku ule.

Wala hayakuishia hapo. Majirani kwa wema wao walimsaidia mama kumzika mnyama asubuhi na mapema, hereni ikiwa sikioni, kabla daktari hajaandika cheti cha kifo. Nilipodai fidia niliulizwa: cheti kiko wapi, na hereni iko wapi? Sina haja ya kuitaja kampuni. Masharti yalikuwa yameandikwa katika mkataba nilioutia sahihi mwenyewe bila kuusoma mpaka mwisho, wala sikumweleza mama hata sharti moja. Basi nikapoteza ng'ombe, nikapoteza na ada ya bima, na wadogo zangu wakapoteza maziwa yaliyokuwa yakiwalipia karo.

Sajini mmoja tuliyekuwa naye kambini aliposikia habari hiyo alicheka kwa huruma, akaniambia: “Afande, mimi bima siitaki kabisa. Kila mwezi naweka akiba yangu. Mnyama akiugua natoa fedha yangu mwenyewe, simwombi mtu.” Na kweli, mwaka ule ng'ombe wake mmoja aliugua ndigana, mkewe akatoa fedha siku ile ile, mnyama akapona. Mimi nikaona haya. Lakini msimu wa mvua ulipofika, radi iliwaua ng'ombe wake wawili chini ya mti mmoja. Akiba yake yote haikutosha kununua hata ndama.

Tangu hapo nimekuwa nikisikia swali hili kila mahali wanapokaa askari, iwe katika mesi, katika lindo au katika foleni ya mshahara: bima au akiba? Watu hubishana kama wafuasi wa timu mbili za mpira. Mimi nasema swali lenyewe limeulizwa vibaya, na leo nataka kulinyoosha.

Kwanza tuelewe mambo yenyewe. Akiba ni fedha yako, iliyo chini ya amri yako, isiyo na masharti ila yale uliyojiwekea. Bima ni harambee ya watu wasiojuana: wengi hutoa kidogo kidogo, na yule aliyefikwa na msiba hulipwa kutoka katika chungu hicho. Asiyefikwa na msiba harudishiwi kitu, naye hana sababu ya kulalamika, kama vile mlinzi wa usiku halaumiwi kwa kuwa mwizi hakuja.

Katika nchi za Ulaya jambo hili ni la zamani. Huko Sweden mbwa alianza kukatiwa bima mwaka 1924, Uingereza ikafuata mwaka 1947, na Marekani hati ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa mwaka 1982 kwa ajili ya mbwa wa sinema aitwaye Lassie. Bima ya wenzetu hao hasa ni ya kulipa gharama za daktari, kwa sababu kwao kumpasua mbwa mmoja kwaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima. Ndiyo maana mwenye mbwa huko hujiuliza kama akate bima au aweke fedha zake benki. Vyote viwili vinashindania kazi moja.

Kwetu sivyo. Bima ya mifugo tuliyoizoea hapa hulipa kifo: kifo cha maradhi, cha ajali, cha radi, cha moto, kwa kadiri ya mkataba. Gharama za sindano na dawa kwa kawaida humwachia mwenye mnyama. Kwa hiyo kwetu bima na akiba hazishindanii kazi moja, kwani kila moja ina lindo lake. Anayechagua moja na kuitupa nyingine ni sawa na kamanda aliyeweka walinzi mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.

Tulipokuwa makadeti tulifundishwa kwamba kamanda asiye na kikosi cha akiba amekwisha kushindwa kabla ya risasi ya kwanza. Tulifundishwa pia kwamba kikosi hicho hakikusudiwi kushinda vita vizima. Kazi yake ni kuziba pengo upesi, palipo na pengo. Shambulio likizidi nguvu zako, unaomba msaada kutoka nje, nao huja kwa utaratibu: lazima uwe umepanga mapema, ujue ishara, na utoe habari kwa wakati. Akiba ya daktari wa mifugo ni kile kikosi cha kwanza. Bima ni ule msaada wa nje. Askari anayajua haya vizuri akiwa vitani, lakini huyasahau afikapo zizini.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme ng'ombe wako wa maziwa ana thamani ya shilingi 3,000,000, na ada ya bima ni asilimia 5 ya thamani hiyo. Hapo utalipa shilingi 150,000 kwa mwaka. Tuseme tena kwamba badala yake unaweka akiba ya shilingi 20,000 kila mwezi. Kwa matibabu ya shilingi 200,000 utakuwa tayari baada ya miezi 10. Hiyo ni hesabu nzuri. Lakini ili ununue ng'ombe mwingine mahali pa aliyekufa, itakubidi uweke kwa miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Mtoto aliyezaliwa siku ulipoanza atakuwa amekwisha kumaliza darasa la sita. Akiba basi humtibu mgonjwa. Kumrudisha aliyekufa haiwezi, ila kwa mwenye mshahara mkubwa kuliko wetu.

Sasa mgeukie mwenye ng'ombe 30. Akiwakatia wote bima kwa kiwango kile kile atalipa shilingi 4,500,000 kila mwaka, ambayo ni bei ya ng'ombe mmoja na nusu. Kama kwa kawaida hupoteza ng'ombe mmoja kwa mwaka, heri aiweke fedha hiyo na ajilipe mwenyewe, kwa maana kundi lake lenyewe ni bima yake: akifa mmoja, 29 wanabaki. Lakini askari mwenye ng'ombe mmoja, akifa huyo, amebaki na kamba. Kutokana na hesabu hiyo ninatoa kanuni moja: kadiri mifugo yako ilivyo michache na thamani yake ilivyo kubwa kulinganisha na mshahara wako, ndivyo unavyohitaji bima, kadiri ilivyo mingi, ndivyo unavyohitaji akiba.

Mbwa wa nyumbani naye hesabu yake ni hiyo hiyo. Ndugu zetu wa polisi wafanyao kazi na mbwa wanajua kwamba mbwa wa kazi hutibiwa na serikali. Mbwa alindaye nyumba yako ni mzigo wako. Thamani yake sokoni ni ndogo, na maradhi yake makubwa, pamoja na kichaa cha mbwa, huzuiwa kwa chanjo. Kwa huyo, akiba ndogo na kadi ya chanjo yatosha.

Nalijua neno watakalosema wapinzani wa bima: kwamba wenye bima ni wepesi wa kupokea na wazito wa kulipa. Mimi niliyenyimwa siwezi kusema malalamiko hayo hayana msingi. Lakini nimejifunza kwamba madai mengi huvunjikia zizini kabla hayajafika ofisini. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza mambo haya: Je, mkataba unalipa kifo tu, au na matibabu? Je, ni maradhi gani yasiyolipwa, hasa yale ya mlipuko kama ugonjwa wa miguu na midomo? Je, kuna siku ngapi za kungoja kabla bima haijaanza kufanya kazi? Je, ni sehemu gani ya hasara nitakayoibeba mwenyewe? Mnyama akifa, nani apigiwe simu, ndani ya saa ngapi, na ushahidi gani uhifadhiwe? Kisha uliza ruzuku. Serikali ya Uganda ilipoanzisha mpango wa bima ya kilimo mwaka wa fedha 2016/17, ilitenga shilingi bilioni 5. Ikabeba nusu ya ada ya mkulima mdogo, asilimia 30 ya mkulima mkubwa, na asilimia 80 kwa wale wa sehemu zenye maafa ya mara kwa mara. Viwango vya ruzuku si amri ya milele, kwa hiyo ulizia vya mwaka unaokata bima.

Na majibu hayo usiyafungie katika sanduku lako la kambini. Mwandikie mama, mke au kaka aliye nyumbani, kwa lugha anayoisoma, karatasi moja ibandikwe ukutani: namba ya daktari, namba ya wenye bima, na maneno haya: “Asizikwe kabla ya cheti.” Karatasi hiyo mimi sikuiandika, na ndiyo iliyonigharimu ng'ombe.

Wapinzani wa akiba nao wana neno lao, nalo ni la kweli: fedha iliyo nyumbani haikai. Leo ni ya ng'ombe, kesho ni ya karo, keshokutwa ni ya msiba wa jirani. Dawa yake ni kuikata kwenye mshahara kabla haijafika mkononi. Sisi wanajeshi tunao ushirika wetu wa Wazalendo, na polisi wanao wao wa Exodus. Fungua fungu la mifugo peke yake, na umkabidhi mtu mmoja mwaminifu ruhusa ya kulitumia siku ya ugonjwa bila kungoja simu yako. Ndigana haingoji mawasiliano ya Mogadishu.

Na juu ya yote mawili kuna kinga. Kuogesha kwa wakati, kubadili dawa ya kupe kwa ushauri wa daktari pale kupe walipokwisha kuizoea, na chanjo ya ndigana kali, ambayo ng'ombe aliyechanjwa vizuri hukingwa kwa miaka mingi. Asiyeogesha ng'ombe wake halafu akamkatia bima ni kama askari avaaye kofia ya chuma akatembea kwenye uwanja wa mabomu.

Hivyo jibu langu ni utaratibu wa hatua tatu. Kwanza kinga. Pili akiba, mpaka ifikie gharama ya matibabu mawili makubwa. Tatu bima, kwa yule mnyama ambaye akifa nyumba itatikisika. Mwenye uwezo wa hatua moja tu aanze na ya kwanza, wala asiruke.

Kwa wakubwa wetu na viongozi wa vyama vya ushirika nina ombi moja. Askari mmoja akienda peke yake kuomba bima ya ng'ombe mmoja hupokea masharti aliyopangiwa. Wanachama mia tano wakienda pamoja, watasikilizwa: wataweza kudai mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, muda mrefu zaidi wa kutoa taarifa kwa mwenye mali aliye nje ya nchi, na haki ya jamaa aliye nyumbani kudai kwa niaba yake. Hayo hayagharimu hazina kitu.

Askari aliye lindoni huku moyo wake uko zizini ni nusu askari. Mama yangu leo ana ng'ombe mwingine. Amechanjwa, ana fungu lake la dawa, ana bima yake, na karatasi iko ukutani. Simu za usiku bado zinakuja, ila sasa mama huanza kwa kusema: “Daktari amekwisha kufika.”