Daftari Lisilosomwa

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wenye maduka wengi wa Waithaka, magharibi ya Nairobi, wameitii methali hii nusu: daftari wanalo, lakini halifunguliwi ila mdeni ajapo kulipa. Elimu ya takwimu, wasema, ni ya makampuni makubwa. Nasema wamekosea, na kosa hilo wanalilipia.

M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kila shilingi ipitayo humo huacha alama. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, ambayo haikumwuliza mkopaji kama ana shamba au ng'ombe. Ilisoma jinsi alivyotumia simu na fedha zake, ikampimia mkopo wa siku 30 kwa shilingi 75 katika kila 1,000. (Waliiita ada, neno riba lina sura mbaya.) Hivyo benki isiyopata kukanyaga dukani imemsoma mwenye duka, naye hajajisoma. Kila Januari wateja hulipa karo za watoto, mauzo hupungua, na kila Januari yeye hukopa kama mtu aliyeshtukizwa!

Watanijibu kwamba mashine hawana. Mashine ya nini? Ninyi mnaosoma hesabu mchana na kuwasaidia wazee dukani jioni, andikeni mikate iliyobaki kila siku kwa miezi mitatu, kisha jumlisheni Jumatatu peke yake na Jumamosi peke yake. Mtaijua siku ambayo duka huagiza mikate ya kuota kuvu. Na zile habari zilizo mikononi mwa wakopeshaji, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa mwenyewe haki ya kudai aonyeshwe.