Wamarekani si Wageni wa Soka

Kila Messi anapoifungia Inter Miami, vijiweni huzuka kauli ileile: Wamarekani hawajui mpira, wamemnunua mzee wa Barcelona awafundishe kuupenda. Kauli hiyo inachekesha, lakini ni uongo.

Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uruguay mwaka 1930, Marekani ilifika nusu fainali. Bert Patenaude, kijana wa Fall River, mji wa viwanda vya nguo huko Massachusetts, aliipiga Paraguay mabao matatu peke yake. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye michuano hiyo kabla yake. Mwaka 1950, mjini Belo Horizonte, Marekani iliilaza Uingereza 1-0 kwa bao la Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti. Wageni gani hao?

Na mapenzi? Fainali za 1994 zilizochezwa Marekani, zenye timu 24 tu, ziliingiza viwanjani watu zaidi ya milioni 3.5. Qatar 2022 ilikuwa na timu 32 na haikuifikia idadi hiyo. Mwaka 1999 zaidi ya watu 90,000 waliujaza uwanja wao wa Rose Bowl kutazama fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Messi wakati huo alikuwa na miaka 12.

Basi kwa nini Oktoba 2017 wanaume walifungwa 2-1 na Trinidad na Tobago, wakalikosa Kombe la Dunia la Urusi 2018? Tatizo ni ada. Kwa sehemu kubwa, soka la watoto Marekani hulipiwa na wazazi: kocha, jezi, safari, hoteli. Kwa mwaka gharama zinaweza kufika maelfu ya dola. Mtoto wa kibarua kutoka Mexico, aliyezaliwa katika nyumba inayokula na kulala mpira, anaishia nje ya uzio akimtazama mwenye uwezo akifanya mazoezi.

Juu nako ni hivyohivyo. Ligi yao kuu, MLS, haina kushuka wala kupanda daraja. Timu inayoshika mkia inarudi mwakani bila hofu, na timu ya mtaani haiwezi kupanda hata ikishinda mechi zote. Nafasi inanunuliwa kwa mamia ya mamilioni ya dola.

Mtetezi atasema akademi nyingi za MLS hazitozi ada. Kweli, na ni hatua nzuri. Lakini klabu zote ni 30, tatu kati yake ziko Kanada. Zitawatosha watoto wangapi katika taifa la watu zaidi ya milioni 330?

Watazame wanawake wao. Sheria ya mwaka 1972 ilizikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wasichana, na michezo ikiwamo. Shule zikawafungulia viwanja. Matokeo yake ni Makombe ya Dunia manne: 1991, 1999, 2015 na 2019. Taifa lilelile, mpira uleule.

Kombe la Dunia la 2026 limeipa Marekani mechi 78 kati ya 104. Viwanja kujaa si kipimo, maana vilijaa tangu 1994. Anayetaka kujua mustakabali wa soka la Marekani asihesabu mabao ya Messi. Aulize mtoto wa maskini anatozwa kiasi gani ili acheze.