Tulishinda, wakashindwa

Jioni ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, nilikuwa nimebanana na umati wa watu katika hoteli moja ya mji mdogo ninakofundisha, macho yetu sote yakiwa kwenye runinga iliyotundikwa juu ya kabati la maandazi. Harambee Stars walikuwa wakimenyana na Madagascar kule Kasarani katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Beki Alphonce Omija alipofunga kwa kichwa mara tu baada ya mapumziko, kijana mmoja aliyeketi mbele yangu, utingo wa matatu kwa kazi yake, aliruka juu ya benchi akapaaza sauti: "Tumeingia nusu fainali!" Chai za watu zilimwagika na hakuna aliyelalamika.

Madagascar walisawazisha kwa penalti. Muda wa nyongeza ukaja ukapita bila bao, na hatimaye mikwaju ya penalti ikatubandua mashindanoni, 4-3. Kijana yule yule aliinuka, akalipia chai yake, akatoa hukumu akiwa mlangoni: "Hawa watu ni bure kabisa. Wametuaibisha."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na pengine ni maradhi ya kazi hii kusikia viambishi pale ambapo wengine wanasikia kilio. Hata hivyo, msomaji mpendwa, hebu nisaidie kuyachambua maneno ya kijana huyu. Katika "tumeingia" yeye ni mtenda. Amevaa jezi, amepiga kichwa, amefunga. Saa mbili hazijatimia, mtenda amekuwa "wao", naye hakutoweka katika kitenzi bali amehamia nyuma kidogo na kuwa mtendwa: wame-tu-aibisha. Aliyekuwa mfungaji sasa ni mlalamishi.

Na hakuwa peke yake. Niliyasikia maneno hayo stendi, niliyasikia sokoni Jumamosi, na Jumapili niliyasikia nje ya kanisa kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao. Waliokosa penalti walitajwa kwa majina kana kwamba ni wezi wa mifugo.

Sasa tuwatazame hao waliosemwa kuwa ni bure. Kenya haikuwa imewahi kucheza CHAN kabla ya mwaka huo. Ilitiwa katika kundi moja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Morocco, mataifa ambayo kila moja lilikuwa limekwisha kulitwaa kombe hilo mara mbili. Vijana wetu waliilaza Kongo 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola, wakaishinda Morocco 1-0 wakiwa wachezaji kumi baada ya mmoja wao kuonyeshwa kadi nyekundu, kisha wakaifunga Zambia 1-0 na kuongoza kundi. Katika mechi tano hakuna timu iliyowashinda kabla ya kufikia mikwaju ya penalti. Madagascar waliendelea hadi fainali, na walioinua kombe tarehe 30 Agosti, papo hapo Kasarani, walikuwa Morocco wale wale tuliowafunga. (Naam, tuliowafunga. Hata kalamu yangu inajua pa kujipenyeza.)

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Nimeifundisha methali hii kwa miaka mingi, na sijaona mahali iliposema kwamba atuzwe akishinda tu. Lakini sisi tuliweka bei. Serikali iliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi, na makubwa zaidi iwapo wangetinga nusu fainali, nasi mashabiki tukaongeza bei yetu ya mapenzi. Siwalaumu viongozi kwa kuwapa wachezaji fedha, maana wachezaji wa ligi yetu wanazihitaji. Ninachouliza ni kwa nini mapenzi nayo yalipwe kwa mabao.

Tena kuna jambo ambalo halikutajwa kabisa pale hotelini. Siku ya mechi ya Morocco, mashabiki wasio na tiketi walifurika malangoni na kuingia uwanjani kwa nguvu, hata shirikisho la Afrika, CAF, likapunguza idadi ya watu walioruhusiwa kutazama mechi za Kenya uwanjani humo. Basi vijana wakaingia katika mechi zilizofuata wakiwa na sauti chache za kuwatia moyo kuliko uwanja ungeweza kubeba. Kosa hilo lilikuwa la mashabiki, yaani letu, ila sikumsikia mtu akisema "tuliharibu".

Sisemi kwamba shabiki anyamaze. La hasha! Anayelipa kiingilio ana haki ya kuuliza, na ya kuulizwa yako. Kuanzia Februari hadi Novemba 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA kutokana na mvutano kati ya serikali na wasimamizi wa soka. Mizozo ya namna hiyo huwaangukia kwanza wachezaji wa ligi ya nyumbani, ambao ndio peke yao wanaoruhusiwa kucheza CHAN. Mwenye hasira na apige mlango huo. Kumrukia kijana aliyetembea peke yake kutoka katikati ya uwanja hadi penye doa la penalti, taifa zima likimtazama, ni rahisi mno.

Mwaka 1987, nikiwa mvulana wa shule ya msingi, fainali ya kandanda ya Michezo ya Afrika ilichezwa Kasarani, uwanja ukiwa bado mpya. Misri walitufunga 1-0. Marehemu baba alizima redio, akasema neno moja, "Tumefungwa," akatoka kwenda kuwafungia ng'ombe. Huenda kumbukumbu imempamba mzee wangu, maana sijui alisema nini kule zizini. Lakini neno hilo nililisikia kwa masikio yangu, na "tu" ilikuwemo.

Shule zilipofunguliwa Jumatatu iliyofuata mechi ya Madagascar, niliandika ubaoni sentensi mbili za yule utingo, nikawataka wanafunzi wa kidato cha tatu wataje nafsi na uamilifu wa kila kiambishi. Walicheka kwanza, kisha wakafanya kazi. Nilikuwa najipongeza moyoni kwa somo zuri. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma, asiyependa kuzungumza, alipoinua mkono.

"Mwalimu, matokeo ya mtihani yakitoka, si ninyi pia husema hivyo?"

Darasa lilinyamaza. Nilimwambia kuwa hilo ni swali zuri, jambo ambalo walimu husema wanapokosa jibu.

Alikuwa amesema kweli. Matokeo ya kidato cha nne yanapowasili, wa kwanza hubebwa juu kwa juu, nasi walimu hupigwa picha kando yake tukisema, "Tumepata A." Wale wa chini hawana picha. Juu yao husemwa katika chumba cha walimu kwamba "walituangusha", na kiambishi kile kimekaa pale pale alipokiweka utingo. Nimelisema neno hilo mimi mwenyewe, chai mkononi, si mara moja.

Mwaka fulani, baada ya sherehe za namna hiyo, mama mmoja alikuja kuchukua karatasi ya matokeo ya mwanawe. Kijana mwenyewe alikataa kuja. Alikuwa amepata D, na katika Kiswahili alama yake haikuwa bora zaidi. Mama alisoma karatasi ile taratibu, mstari kwa mstari, akaniuliza kama nilimfahamu mtoto huyo.

"Ndiyo, mama," nilisema, "alikuwa hapa."

Alitia sahihi kitabuni, akashukuru, akaondoka. Sikumwambia kuwa ni mimi niliyemfundisha kwa miaka minne.