Walipewa Namba, Wana Majina: Ilani ya Wajukuu wa Manamba

Sisi, watoto na wajukuu wa manamba, tuliozaliwa katika kambi za mkonge za Korogwe, Muheza na Pangani, tunaanza leo kazi iliyochelewa: kuandika babu na bibi zetu walikuwa nani.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge Afrika Mashariki. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na hesabu hiyo imo vitabuni. Miaka ya 1960, nchi ilipozalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, tani hizo nazo zilihesabiwa. Aliyekata majani, akayafunga tita la majani 30, akalibeba begani, ameandikwa wapi?

Walitoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Rwanda na Msumbiji. Walipewa namba, na namba ikageuka jina lao: manamba.

Mwenzetu mmoja alifungua sanduku la bati la marehemu bibi yake. Chini ya kanga akakuta kipande cha babu: kadi ya viraba 30, kila kiraba siku moja ya kazi. Siku ambayo hakumaliza kipimo haikutiwa alama. Jasho lake lilikwenda bure. Alama zimefika kiraba cha 19, zikakoma. Aliugua? Alifiwa? Alitoroka? Bibi alijua. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo tunasema:

Kwanza, asili yetu ni haki yetu. Tunaambiwa mwacha asili ni mtumwa. Sisi hatukuiacha, ilikatika njiani, kati ya Kigoma na Korogwe. Mtoto akiulizwa kwao ni wapi, asiishie kujibu "kambini".

Pili, manamba si tusi. Tulipopata uhuru mwaka 1961, mkonge ndio ulioongoza kwa kuiingizia nchi fedha za kigeni. Mikono iliyochomwa na miiba yake ilikuwa ya wazee wetu.

Tatu, tuna ndugu tusiowajua. Kuna nyumba huko bara zilizomngojea kijana wao hadi zikakata tamaa. Wana haki ya kujua alizikwa wapi, na kwamba aliacha watoto.

Nasi tunaahidi:

Tutawarekodi wazee kwa lugha wanayolia nayo, iwe Kiha, Kimakonde au Kibena, ndipo tutafsiri. Tutaandika jina la kuzaliwa, kijiji, mto walimochota maji, na jina la mama. Tutawauliza bibi kwanza, kwa maana waliolea, waliouguza na waliozika ni wao, na daftari la mnyapara halikuwajua. Tutatafuta makaburi yaliyomezwa na vichaka na kuyawekea alama. Hatutapamba: ulevi, ugomvi na watoto waliokataliwa navyo ni historia. Lakini mzee akisema "hili libaki kwetu", litabaki.

Hatudai fedha wala ofisi. Tunataka daftari moja katika kila nyumba na simu iliyo tayari kurekodi, kwa sababu kila msiba kambini unazika ukoo mzima wa habari.

Ndugu yetu, usingoje mkutano. Jioni hii vuta kigoda, keti karibu na mzee wako, umuulize: "Babu, kabla hujapewa namba, mama yako alikuwa akikuitaje?"

Kisha nyamaza, uandike.