Mguu Huu Ukivunjika, Nitaushika Wapi?

Mwaka jana nilialikwa kukaa na walimu wa chuo kimoja siku ya wanafunzi kutetea kazi zao. Walikuwa wametakiwa kutengeneza kiti kinachojali mazingira. Iliyoshinda zote ilikuwa stuli ya duara: mamia ya vizibo vya soda vimepangwa kwa rangi, kisha vikamiminiwa resini hadi vikaonekana kama vimezama kwenye maji yaliyotulia. Ilipendeza kweli. Kijana alieleza vizuri jinsi alivyookota vizibo hivyo mitaani na kuvipa kazi mpya. Tukapiga makofi.

Fundi wa karakana, mzee aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja tumalize, akaomba kuishika. Akaigeuza miguu juu, akapitisha kidole pale vyuma vitatu vilipozama ndani ya resini. "Mwanangu," akamuuliza, "mguu huu ukivunjika nitaushika wapi?"

Kijana akatutazama sisi. Hapakuwa na skrubu wala ribiti, wala mahali pa kuingiza bisibisi. Vizibo ambavyo wiki moja kabla vingepokewa na mnunuzi wa vyuma chakavu sasa havitoki tena, na resini ikishaganda haiyeyushwi ikatumika upya. Tulikuwa tumeipa alama za juu taka ambayo hakuna atakayeweza kuitengeneza, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi.

Toleo hili limezaliwa na swali la mzee yule. Katika vyuo vyetu vingi somo la uendelevu huja mwishoni, mwanafunzi akiwa ameshazoea kubuni bila kuliwaza. Hupewa saa chache za mihadhara, na anachobaki nacho ni orodha ya malighafi njema na mbaya: mianzi ni safi, plastiki ni chafu, kilichookotwa ni bora kuliko kilichonunuliwa. Nasema bila kusita kwamba hapo tunawapotosha. Uhai wa kitu umo kwenye viungio vyake, kwenye bei ya kipuri chake, na kwenye mkono utakaokifungua miaka mitano baada ya aliyekibuni kukisahau.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua uko jikoni kwa watu, na wanafunzi wengi wameupita kila siku bila kuambiwa kwamba ni somo. Ni jiko la makaa lenye kiuno, lile la bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani. Lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati uhaba wa kuni ukizungumzwa kila mahali na Nairobi ikiwa imepokea mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mpya mwaka 1981. Wazo lilitoka Thailand, kwenye jiko la udongo lililokaa ndani ya ndoo. Lakini ndoo ni pana juu na nyembamba chini, na kusonga ugali si kazi ya jiko linaloyumba. Kwa hiyo chini pakapanuliwa, katikati pakabanwa, na bakuli la udongo likabaki nusu ya juu tu, panapokaa moto.

Litazame kwa karibu. Bati ni la kukata na kukunja kwa nyundo, kazi ambayo mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walikuwa wakiifanya tayari. Bakuli linachomwa na mfinyanzi, mtu mwingine, mahali pengine. Udongo ukipasuka, bati halitupwi. Unanunua bakuli jingine. Bati likioza, bakuli zima linahamia kwenye bati jipya. Vipimo vingi vilionyesha kwamba jiko hili hupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na lile la bati tupu. Muundo wake ukasambaa Tanzania, Uganda, Rwanda hadi Ethiopia, kwa sababu fundi yeyote mwenye mkasi wa bati aliweza kuuiga. Waliiga vibaya pia: mabakuli yaliyochomwa haraka hupasuka mapema, na mnunuzi hajui mpaka afike nyumbani. Hilo nalo ni la kufundishwa, maana mizani na tanuri lenye moto sahihi ni sehemu ya ubunifu sawasawa na penseli.

Wanafunzi wetu humsoma mbunifu Victor Papanek, ambaye kitabu chake *Design for the Real World* kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1971, na huikumbuka redio aliyoibuni kwa kutumia mkebe. Vema, wamsome. Lakini mwanafunzi wa Nairobi anayemaliza miaka minne bila kushinda hata siku moja kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, au wa Dar es Salaam asiyewahi kutazama juu akiwa Kariakoo, ameibiwa. Soko la pale, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli miaka ya 1970, limefunikwa na miavuli ya zege inayopokea mvua na kuishusha kwenye tangi chini ya ardhi. Paa lenyewe ndilo mfereji, na hakuna aliyelibandika jina la uendelevu.

Najua jibu la walimu, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: ratiba imejaa, vifaa ni vichache, na waajiri wanataka kijana anayejua programu za kompyuta. Yote ni kweli. Siombi somo jipya. Naomba mambo mawili ndani ya masomo yaliyopo.

La kwanza, mwaka wa kwanza uanze kwa kufungua. Pasi iliyokufa, mwavuli uliovunjika, kiti cha plastiki kilichopasuka mguu. Mwanafunzi afungue kitu kimoja kama hicho, avitandaze vipande vyote juu ya meza, aandike kila kimoja kimeshikwaje na kinauzwa wapi, kisha akirudishe kifanye kazi. Asipoweza, aeleze ni uamuzi gani wa mbunifu uliomzuia.

La pili ni gumu zaidi. Alama zisitolewe siku ya kutetea. Kiti kipelekwe kwenye kantini au kibanda cha mlinzi, kikaliwe miezi minane, kisha mwanafunzi aliyekibuni aitwe akitengeneze mbele ya wenzake, kwa vifaa vya karakana ya kawaida. Fundi akae kwenye meza ya watahini, alipwe kama mtahini, na sahihi yake iwe na uzito ule ule. Wapo watakaoona kwamba hili linashusha hadhi ya chuo. Mimi naona hadhi ya chuo ilishuka siku ile mzee yule alipouliza swali akiwa mlangoni, nasi tukiwa tumekalia viti.

Kurasa zinazofuata zina kazi kumi na mbili za wanafunzi: taa, mikoba, vitanda, meza ya muuza mihogo. Tumezipiga picha zikiwa mpya, na tumeandika tarehe kila moja ilipokabidhiwa kwa mtumiaji. Toleo la mwezi kama huu mwakani litachapa picha za vitu hivyo hivyo kumi na viwili, popote tutakapovikuta, pamoja na maneno ya watu walioishi navyo.