Tia Mkono Ndani Kabla ya Kutoa Pesa



Likizo inapokaribia, vijana wetu huja na barua za kuomba ruhusa ya kwenda kupanda mlima. Wa Dar es Salaam huenda Uluguru, wa Moshi na Arusha hutazama Kilimanjaro na Meru. Ruhusa ikishatolewa hufuata ombi la pili: begi la mgongoni. Dukani lipo la shilingi 150,000, na kando ya barabara lipo la 30,000 linalofanana nalo kwa rangi na kwa mifuko. Mzazi anunue lipi?

Nasi tumewahi kulijibu swali hili vibaya. Mwaka jana tulimnunulia kijana wetu begi la bei nafuu usiku wa kuamkia safari, bila hata kuifungua zipu. Walipokuwa wakishuka Uluguru baada ya mvua, mkanda mmoja wa begani ulichomoka penye mshono. Akalikumbatia begi kwa mikono miwili, na katika njia ile yenye utelezi hakubakiwa na mkono wa kujishikia. Alianguka, akarudi nyumbani kiwiko kimevimba. Alhamdulillahi alipona, lakini tulijua kwamba kosa halikuwa lake.

Wengi wangehitimisha hapo kwa kusema: rahisi ghali. Sisi hatukuhitimisha hivyo. Tulipolikagua begi lile tuliona kitambaa ni kizima na zipu ni nzima. Kilichokosekana ni mshono wa pili, kazi ndogo kwa fundi cherehani. Na kutoa 150,000 kwa ajili ya usiku mmoja wa mlimani kwa mwaka, ilhali ada haijakamilika, kunakaribia israfu. Tuliponzwa na kununua bila kukagua.

Tunakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta unyevu uliofichwa chini ya kikavu, akamkemea muuzaji. Muuzaji ana wajibu wa kutoficha aibu ya bidhaa yake. Nasi wanunuzi tufuate funzo la mkono ule.

Basi tia mkono ndani ya begi. Pindua mahali mikanda inaposhikana na mwili wa begi: mishono iwe miwili au zaidi, na uzi usikatike ukivutwa. Fungua na kufunga zipu mara kumi. Kama ni la mtumba, papasa kitambaa kwa ndani. Kikinata au kikibanduka maganda, kinga yake ya maji imekwisha. Kisha tazama mkanda wa kiunoni. Mkanda mnene wenye sponji hukaa juu ya mifupa ya nyonga na kuyapunguzia mabega mzigo. Ule mwembamba kama utepe huzuia begi lisiyumbe tu, haubebi kitu.

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Kwa safari ya kutwa, au kwa mzigo wa kilo tano au sita, begi nafuu lenye mishono imara linatosha kabisa. Hata Kilimanjaro mizigo mikubwa hubebwa na wapagazi, na mpandaji hubeba begi dogo la maji, koti la mvua na nguo ya baridi. Lakini kijana akitakiwa kubeba mwenyewe hema, chakula na nguo za siku tatu, usimpe begi lisilo na mkanda wa kweli wa kiunoni. Na kwa vyovyote, wa kilo 50 asibebeshwe zaidi ya kilo 10.

Ukishanunua, pakia kilo nane za mchele, umvalishe, azunguke mtaa kwa nusu saa. Fanya hivyo wiki moja kabla, ili fundi apate nafasi ya kurekebisha. Na kwa kuwa mabegi mengi, hata ya ghali, hupenyeza mvua, tandika ndani mfuko mzito wa plastiki.

Mwaka huu kijana wetu atasafiri na begi lilelile, likiwa limeshonwa upya. Safari hii tumelipakia mchele na kulijaribu sisi wenyewe kwanza.

Wabillahi tawfiq.